Jinsi ya kuchagua raifo ya kaliba kubwa kwa ajili ya nyati, hatua kwa hatua

Wakuu, nimeona niandike hii yote sehemu moja maana kosa ni lile lile kila msimu. Mtu anapata kibali, ana hela yake, anaenda dukani anauliza "ipi kubwa kuliko zote", anatoka na .458 (namba hiyo ndo kaliba, yaani upana wa mtutu kwa inchi), anapiga risasi mbili uwanjani bega linawaka moto, alafu anaiweka kabatini mpaka siku ya kwenda porini. Siku hiyo anafumba macho kabla hajavuta traiga, nyati anapigwa tumboni, anaingia kwenye majani marefu. Anayemfuata humo ndani sio yeye, ni wafuata nyayo na askari wa wanyamapori wenye familia zao nyumbani.

Kwahiyo mwongozo huu unaanzia kwenye bega lako, kaliba inakuja baadae. Ukifuata mpangilio huu utatoka na bunduki unayoweza kuipiga vizuri, na kwa nyati hicho ndo kitu chenye uzito kuliko namba iliyoandikwa kwenye mtutu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaenda dukani

- Maelezo ya kibali chako cha silaha na leseni ya uwindaji unayotaka kuomba
- Futi kamba ya fundi cherehani
- Risasi za bandia zisizo na baruti wala fataki, za kaliba unayoifikiria, walau 5
- Kinga za masikio na miwani, vyako mwenyewe
- Fimbo tatu zilizofungwa juu, zile za kulengea ukiwa umesimama
- Karatasi za shabaha, au sahani za karatasi za kawaida tu
- Mtu mwenye .375 na leseni yake, atakayekubali muende wote uwanja wa shabaha upige akiwepo
- Hela ya risasi za mazoezi, uitenge kabisa pembeni na bei ya bunduki

Hiyo ya mwisho watu wanairuka. Risasi za kaliba kubwa ni ghali sana na mtu akimaliza hela yote kwenye bunduki anabaki na boksi moja la risasi 20, ambalo halitoshi kumfundisha chochote. Bora bunduki ya mtumba ya bei ya chini na risasi za kutosha kuliko bunduki ya kifahari usiyoijua.

## Hatua ya 1: Jua mnyama na sheria

Kwa Tanzania silaha zinaongozwa na Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya 2015, na uwindaji unaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Kibali cha silaha unaanza nacho polisi, kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya yako. Leseni ya kuwinda unaipata kwenye mamlaka ya wanyamapori, na kwa maeneo yaliyo nje ya hifadhi za taifa wanaohusika zaidi ni TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania).

Mambo mawili yanaathiri moja kwa moja bunduki utakayonunua. Kwanza, kwa nyati na wanyama wengine hatari kiwango cha chini ni .375, yaani mtutu wenye upana wa milimita 9.5 hivi. Ndo maana 9.3x62, ambayo ni risasi nzuri mno na wakulima wengi wa zamani waliipenda, inakuacha nje kidogo tu. Pili, silaha zinazojijaza zenyewe haziruhusiwi kuwindia, kwahiyo hapa tunaongelea bolti (zile unazovuta na kusukuma kipini kwa mkono kila baada ya risasi) au mitutu miwili basi.

Kama uko Kenya, uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na bado ni hivyo, kwahiyo utakuwa unajiandaa kwa ajili ya nchi nyingine na lazima ufuate pia taratibu za kuvusha silaha mpakani.

Onyo: usilipe hata shilingi ya bunduki kabla hujakaa na ofisi husika ukaambiwa masharti ya sasa hivi. Kanuni hubadilishwa, na bunduki usiyoweza kuipatia kibali ni hasara tupu.

Umefaulu ukiwa: unaweza kutaja kwa uhakika unawinda mnyama gani, eneo gani, na kaliba ya chini inayokubalika.

## Hatua ya 2: Pima bega lako (usiiruke hii)

Bunduki ikipiga mbele inarudi nyuma, na huko kurudi nyuma ndo kunaharibu shabaha za watu. Kwa makadirio, .30-06 inarudi na nguvu ya jouli 27 hivi. .375 H&H inakuja na 50 mpaka 55, yaani mara mbili. .416 Rigby inakaribia 80, .458 Winchester Magnum iko 80 na kitu, na .458 Lott inapita 90 kwenye bunduki za uzito wa kawaida. Ukitoka .30-06 ukarukia .458 umeongeza teke mara tatu kwa mkupuo, na mwili hausahau.

Tatizo lenyewe ni kwamba mwili unajifunza uoga bila kukuambia. Akili inasema niko sawa, siogopi, lakini kidole kinavuta ghafla, bega linasukuma mbele, na mtutu unashuka chini sehemu ya sekunde kabla risasi haijatoka. Mita 50 mtutu ukishuka kidogo tu umetoka kwenye moyo umeenda kwenye mguu au tumbo.

Fanya hivi:

Anza na .22, risasi kadhaa, ukizingatia kuvuta traiga taratibu tu. Kisha .308 au .30-06. Kisha ndo .375 ya yule ndugu mwenye leseni. Piga ukiwa umesimama kwenye fimbo tatu, usikae mezani, kwa sababu ukikaa mezani mwili umebanwa na hauna pa kurudi nyuma kwahiyo teke lote linabaki begani, wakati ukisimama mwili wote unayumba nalo. Watu wengi wameichukia .375 kwa sababu tu waliipigia mezani mara ya kwanza. Simama mguu wa kushoto mbele kidogo (kama unatumia bega la kulia), egemea mbele, kitako kikae ndani kabisa ya bega kisiwe juu ya mfupa wala kwenye msuli wa mkono.

Sasa kipimo chenyewe. Mpe mwenzako bunduki aijaze yeye bila wewe kuona, saa nyingine aweke risasi ya kweli, saa nyingine ya bandia. Wewe lenga vuta. Ikitokea ya bandia, mtutu unatakiwa utulie kimya kabisa. Ukiona umeshuka au umepepesuka, hapo umejiona mwenyewe bila kusimuliwa. Rudi kwenye .22 siku hiyo hiyo, usiendelee kujitesa na kubwa, kwa sababu kila risasi unayopiga ukiwa na uoga inazidi kuukomaza.

Risasi 6 mpaka 10 za kaliba kubwa kwa siku zinatosha kabisa.

Onyo: masikio. Bunduki hizi bila kinga zinaharibu usikivu moja kwa moja, na usikivu ukiondoka haurudi. Hata anayesimama pembeni avae.

Umefaulu ukiwa: unavuta kwenye risasi ya bandia na mtutu hausogei, mara kadhaa mfululizo, kwa kaliba uliyoishika mkononi siku hiyo. Hiyo ndo kaliba yako kubwa kwa sasa, iliyo juu yake subiri kwanza.

## Hatua ya 3: Sasa chagua kaliba

.375 H&H Magnum. Ilitoka 1912, na kwa watu wengi safari inaishia hapa. Kichwa cha risasi cha greini 300 (gramu 19 na nusu hivi) kinatoka kwa mita 770 kwa sekunde, nguvu kama jouli 5,800. Inaua nyati vizuri ikipigwa mahali pake, alafu kwa kichwa cha greini 270 unaweza kwenda nayo kwa pofu, nyumbu, kongoni. Risasi zake ni rahisi kupata kuliko kaliba kubwa nyingine zote. Kama hii ni bunduki yako ya kwanza ya nyati na unasoma hapa kwa sababu hujui uchague nini, chagua hii, sina wasiwasi kabisa kusema hivyo. Ipo pia .375 Ruger iliyotoka 2007, nguvu ni ile ile kwenye ganda fupi, ila ulizia risasi kabla hujaipenda.

.416 Rigby na .416 Remington Magnum. Kichwa cha greini 400 kwa mita 730 kwa sekunde hivi, jouli 6,900. Hapa unausikia utofauti kwa nyati, hasa yule anayekuja mbele yako. Rigby ya 1911 ina ganda kubwa na presha ya chini, ilitengenezwa ikiwa inafikiriwa baruti za zamani na joto la nchi zetu, kwahiyo ganda linatoka kwenye chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) kirahisi hata bunduki ikiwa imekaa juani. Remington ya 1988 inafanya kazi ile ile kwenye ganda dogo zaidi kwa presha kubwa zaidi, na bunduki zake huwa nyepesi na za bei nafuu. Mwindaji bingwa anayesimama nyuma ya mteja anaifurahia sana .416, lakini yeye kazi yake ni tofauti na yako.

.458 Winchester Magnum na .458 Lott. Kichwa cha greini 500. Winchester ya 1956 inatembea mita 640 kwa sekunde hivi, Lott inafika 700. Zuri la Lott ni kwamba chemba yake inakubali pia risasi za .458 Winchester, kwahiyo unaweza kufanyia mazoezi zile za teke dogo. Hizi ni za kumsimamisha mnyama karibu sana, umbali mrefu sio kazi yake.

.470 Nitro Express. Ya mitutu miwili, greini 500 kwa mita 655. Nzuri, nzito, bei yake ni ya gari. Naishia hapo.

Mtu atakuja akutajie Bell, yule Mskochi aliyewinda tembo Karamoja huko Uganda na raifo ndogo ya .275. Ni kweli alifanya hivyo, lakini alikuwa anajua ubongo wa tembo uko wapi kutoka kila upande, anatumia vichwa vigumu, na hiyo ndo ilikuwa kazi yake ya kila siku kwa miaka. Sheria ya leo haikuruhusu na wewe sio Bell.

Umefaulu ukiwa: umechagua kaliba moja iliyofaulu hatua ya 1 na hatua ya 2, zote mbili.

## Hatua ya 4: Kagua mashine inavyolisha risasi

Hapa ndo bunduki ya nyati inatofautiana na ya swala. Ya swala ikikwama, swala anakimbia, mnacheka mnarudi kambini. Ya nyati ikikwama mtu anaweza kufa.

Tafuta bolti yenye kucha kubwa pembeni, ule mtindo wa Mauser 98, raifo ya zamani ya Kijerumani. Kucha hiyo inaishika risasi tangu inatoka kwenye magazini mpaka inaingia kwenye chemba, haiiachii. Kwenye bolti za mtindo mwingine risasi inasukumwa tu mbele ikiwa huru, na kucha inashika mwishoni. Kwa mtu aliyetulia zote zinafanya kazi, lakini mtu mwenye hofu anasukuma bolti nusu, anairudisha, anasukuma tena, na kwenye mtindo huo wa pili risasi ya kwanza imebaki chemba haijashikwa na ya pili inakuja kuigonga nyuma, bunduki imekwama. Kwenye Mauser ile ya kwanza inatolewa nje na kazi inaendelea.

Bunduki zenye kucha hiyo ni Mauser 98 zenyewe, Winchester Model 70 za kabla ya 1964 na zile mpya walizorudisha mtindo huo, Ruger Hawkeye, Rigby, na CZ 550 pamoja na kaka yake BRNO 602. CZ 550 imeacha kutengenezwa ila za mtumba zipo, imara, magazini inabeba risasi za kutosha, na mimi kwa mtu mwenye bajeti ya kawaida ndo naanza kumwonyesha hiyo.

Jaza risasi za bandia magazini. Endesha bolti taratibu, kisha kwa kasi, kisha kwa nguvu kabisa kama mtu anayekimbizwa. Igeuze ubavu, rudia. Igeuze juu chini, rudia. Maganda yatoke yaruke mbali, yasidondoke dondoke hapo hapo.

Sefti (kile kizuizi cha traiga) nayo ijaribu: iwe inasikika, iwe inafikika na kidole gumba bila kubadilisha mshiko. Traiga ivunjike kwa uzito wa kilo 1.5 mpaka 2. Chini ya hapo ni hatari kwa mikono inayotetemeka.

Onyo: kabla ya haya yote fungua bolti, angalia chemba kwa macho, ingiza kidole. Hata kama muuzaji ameshakuonyesha. Na risasi za kweli zisiwe kwenye chumba hicho.

Umefaulu ukiwa: umeendesha magazini nzima mara nyingi, kila mkao, haijakwama hata mara moja. Ikikwama mara moja tu, rudisha kwa fundi au acha.

## Hatua ya 5: Kitako, uzito na mtutu

Simama, fumba macho, nyanyua bunduki begani kama unavyonyanyua siku zote. Fumbua macho. Unatakiwa uone shabaha ya mbele (kile kidude cha kulengea mdomoni mwa mtutu) imekaa ndani ya ile ya nyuma bila kusogeza kichwa. Ukilazimika kushusha shingo au kuinyoosha, kitako sio chako.

Chukua ile futi kamba upime kutoka kwenye traiga mpaka mwisho wa kitako. Kwa mtu wa kawaida sentimita 35 hivi zinafaa, mrefu atahitaji 36 au zaidi. Kitako kirefu kinanasa kwenye nguo unaponyanyua haraka. Kifupi kinaleta skopu (darubini ya kulengea) na kidole gumba usoni. Fundi mzuri anaweza kupunguza au kuongeza kwa pedi ya mpira, kwahiyo usiache bunduki nzuri kwa sababu ya sentimita 1.

Uzito: .375 iwe kilo 4 mpaka 4.5 ikiwa na skopu, .416 na .458 ziende 4.5 mpaka 5. Najua kutembea na kilo 5 kutwa nzima kwenye jua la Rukwa ni kazi, ila bunduki nyepesi ya kaliba kubwa inakulipisha kila unapovuta traiga. Mtutu wa sentimita 56 mpaka 61 unatosha, mrefu zaidi unakwama kwenye vichaka.

Kuhusu breki ya mtutu, ile yenye matundu mbele: inapunguza teke kweli, lakini mlio unarushwa pembeni na nyuma kwa walio karibu yako. Wafuata nyayo wako wamesimama hapo hapo, hawana kinga masikioni kwa sababu kazi yao ni kusikiliza. Kama inafunguka, itumie mazoezini na uiondoe kabla ya kwenda porini, alafu upige tena kuhakiki shabaha maana inaweza kuhama.

Umefaulu ukiwa: kila ukifumbua macho shabaha iko pale pale.

## Hatua ya 6: Skopu na shabaha za chuma

Nyati wengi wanapigwa ndani ya mita 80, mara nyingi kivulini. Unahitaji skopu ambayo ukuzaji wake unaanzia mara 1, kama 1 mpaka 4 au 1 mpaka 6. Zile kubwa za 4 mpaka 16 mnyama akiwa karibu unaona manyoya tu hujui ni bega au tumbo.

Umbali wa jicho mpaka kioo uwe sentimita 9 au zaidi, la sivyo itakupasua nyusi. Vishikio viwe vya kufunguka kwa mkono, na chini yake kuwe na shabaha za chuma zilizohakikiwa mita 50, kwa sababu skopu inaweza kuvunjika na pia ukienda kumfuata aliyejeruhiwa wengi wanapendelea kuiondoa.

## Hatua ya 7: Risasi kabla ya bunduki

Piga simu maduka, ulizia risasi za kaliba yako zipo aina gani na bei gani *leo*. Sio mwezi ujao. Nimeona bunduki nzuri sana zimekaa ndani kwa kukosa risasi.

Unahitaji aina mbili. Ya kichwa laini lakini imara, inayofunguka bila kusambaratika, kama Swift A-Frame, Barnes TSX au Nosler Partition, kwa risasi ya kwanza. Na ya kichwa kigumu kisichofunguka, kinachopenya mpaka ndani mnyama akiwa anaondoka au anakuja. Vichwa laini vya bei rahisi vya kupigia swala achana navyo, vinapasuka kwenye mfupa wa bega nyati akabaki na kidonda cha juu juu tu.

Hakiki aina zote mbili zinagonga sehemu moja mita 50. Zikiachana zaidi ya sentimita 5 badilisha aina.

## Hatua ya 8: Kama ni ya mtumba

Angalia mbao nyuma ya bolti na ndani ya magazini, nyufa za kaliba kubwa huanzia hapo. Angalia kama kuna chuma kinachopita kwenye kitako kukatiza teke. Angalia mdomo wa mtutu, usiwe na alama za kugongwa, na ndani kusiwe na vishimo vya kutu. Namba ya silaha ifanane na iliyo kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Isipofanana ondoka hapo dukani au nyumbani kwa huyo mtu, bei isikushawishi.

## Hatua ya 9: Mtihani wa mwisho

Bunduki ishakuwa yako kihalali. Nenda uwanjani na fimbo tatu. Weka sahani ya karatasi ya sentimita 15, mita 50. Piga 3 ukiwa umesimama, zote ziingie. Kisha anza bunduki ikiwa begani kwa mkanda: ishushe, ipandishe kwenye fimbo, piga 1, endesha bolti bila kuitoa begani, piga ya pili. Zote mbili kwenye sahani ndani ya sekunde 10. Alafu sogea mita 20, ondoa skopu, ondoa fimbo, piga 2 kwa shabaha za chuma.

Usijipe huruma kwenye hili. Risasi moja ikitoka nje ya sahani, rudi tena wiki ijayo, na ukiona uoga umerudi fanya kile kipimo cha risasi za bandia kabla ya kingine chochote. Ukiweza kurudia mtihani huu siku tatu tofauti bila risasi kutoka nje, nenda kaombe leseni ya nyati.